Tapeli Hujibu Haraka, Wakala Halali Hunyamaza

Mtu wa Nairobi akisikia kwamba mimi ni mshauri wa ajira, jambo la kwanza hunipa CV. Itakuwa yake, au ya mdogo wake, au ya binti wa jirani aliyemaliza Chuo Kikuu cha JKUAT na bado yuko nyumbani. Nazipokea na kuzisoma, maana kila moja ina familia inayosubiri. Lakini inafaa watu waelewe mapema jinsi kazi hii ilivyo: simtafutii mtu kazi, namtafutia mwajiri mtu. Anayenilipa ni mwajiri, anayeamua ni mwajiri, na karibu kila jambo linalomuumiza mtafuta kazi mikononi mwa mawakala linaanzia hapo.

Tufuate pesa kwanza. Kampuni ya Upper Hill inataka mhasibu mkuu. Inatupa nafasi hiyo sisi, na aghalabu inawapa mawakala wengine wawili au watatu siku hiyo hiyo. Hakuna malipo ya kuanzia. Atakayeleta mtu akaajiriwa ndiye atakayelipwa. Wengine hutoza mshahara wa mwezi mmoja, wengine asilimia fulani ya mshahara wa mwaka. Tuseme cheo hicho kina mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi na makubaliano ni asilimia 12 ya mwaka: ankara itakuwa ya shilingi 216,000. Mawakala walioshindwa wanapata sufuri, hata kama walifanya kazi wiki sita. Na mshindi naye hajatulia, kwa kuwa mikataba mingi huwa na dhamana ya miezi kadhaa. Mtu akiacha kazi au akiachishwa kabla ya muda huo kwisha, wakala anatafuta mwingine bila malipo.

Tangazo la nafasi kama hiyo huleta maombi kwa mamia. Tunawapigia simu wachache, tunakutana na wachache zaidi, tunapeleka majina manne au matano. Anaajiriwa mmoja, na ankara ina mstari mmoja, wa huyo aliyeajiriwa. Muda wa kumpigia yule aliyekuwa wa pili, ukamweleza amekosa na kwa nini, haulipwi na mtu yeyote. Mshauri kijana ambaye mwisho wa mwezi anapimwa kwa idadi ya watu aliowaingiza kazini, akifunga nafasi moja huruka kwenye nyingine. Hana roho mbaya. Jinsi anavyolipwa imemfundisha kwamba kujibu ni hasara.

Ninaandika haya kwa sababu naamini kimya hicho ndicho kidonda kikubwa zaidi katika kazi yetu, kuliko ada, kuliko hata upendeleo. Nakiona kila asubuhi kwenye simu. Ujumbe huwa wa adabu kupita kiasi: “Habari ya asubuhi Madam. Samahani kwa usumbufu. Nilikuwa nafuatilia tu kuhusu yale mahojiano ya Jumanne. Siku njema na Mungu akubariki.” Aliyeuandika ni mwanamke mwenye CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, na miaka minane ya kazi, anayeomba msamaha kwa kuuliza jambo ambalo ni haki yake kuambiwa.

Nijuavyo safari yake, ilikuwa hivi. Anaishi Rongai. Mahojiano yalikuwa saa mbili asubuhi, kwa hiyo alitoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja ili foleni ya Lang'ata Road isimkute. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nauli ikapanda kama ilivyo desturi ya matatu zetu. Siku iliyotangulia alikuwa saiba, kwenye duka la intaneti, akichapisha vyeti vyake vyote kwa rangi, kwa sababu barua ya mwaliko ilisema nakala ziwe “wazi”. Kazini kwake alidanganya kwamba anampeleka mtoto kliniki. Hiyo ilikuwa raundi ya kwanza. Raundi ya pili alifanya mtihani wa kompyuta. Ya tatu aliambiwa aandae mpango wa kupunguza madeni ambayo wateja wa kampuni hiyo hawajalipa, akauwasilishe mbele ya wakurugenzi. Aliuandaa usiku, mpango mzuri kabisa, niliusoma mwenyewe. Kisha mteja wetu akatuandikia kwamba nafasi “imesimamishwa kwa muda”. Baadaye tukajua imepewa mtu wa ndani. Mpango wake ulibaki kwenye kompyuta za kampuni ile.

Yeye nilimpigia. Wangapi katika jiji hili hawapigiwi? Na kimya hicho kina gharama ambayo haionekani kwenye vitabu vya mtu. Mtu aliyefika raundi ya tatu huacha kuomba kwingine, kwa sababu akili inamwambia imebaki kidogo. Wapo wanaoahirisha kulipa kodi ya nyumba wakimwambia mwenye nyumba kuna kitu kinakuja. Wapo wanaowaambia wazazi Kakamega au Kitui wasiuze ng'ombe kwanza. Ukimwambia “umekosa” siku ya tano, umempokonya tumaini moja na kumrudishia mwezi mzima wa kutafuta. Usipomwambia, unaendelea kula muda wake bila kumlipa.

Kuna jambo lingine ambalo wenzangu katika kazi hii hawapendi lisemwe. Kimya chetu ndicho mtaji wa matapeli. Anayetapeli watafuta kazi Nairobi anajua kwamba wakati wowote kuna maelfu ya watu waliotuma maombi mahali fulani na hawakujibiwa. Anachohitaji ni kuwatumia ujumbe wenye nembo ya kampuni kubwa: hongera, umechaguliwa, tuma pesa ya uchunguzi wa afya kwa nambari hii ya M-Pesa kabla ya saa kumi. Watu husema waliotapeliwa ni wajinga. Si kweli. Mtu mwenye shahada aliyeomba kazi katika kampuni hiyo hiyo miezi miwili iliyopita, na hajasikia lolote, ana kila sababu ya kuamini kwamba hatimaye amejibiwa. Ukimwandikia tapeli usiku wa manane anakujibu. Ana subira, anakuita kwa jina, anakueleza hatua inayofuata. Wakala aliyesajiliwa, mwenye ofisi Westlands na cheti ukutani, haonekani. Tumemwachia mwizi adabu ya kazi yetu.

Kwa wanaosoma haya wakiwa bado wanatafuta: Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo husajili mawakala binafsi, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi hatamtoza mfanyakazi ada yoyote, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, ingawa umeacha nafasi ya vighairi. Mimi sijui sababu yoyote nzuri ya mtu kulipa ili ahojiwe kwa kazi ya ofisini humu nchini. Ukiombwa pesa, ondoka.

Nirudi kwa mawakala halali. Kimya ni sehemu moja tu ya jambo pana zaidi: katika biashara hii habari husafiri upande mmoja. Mtafuta kazi anafunguliwa kama begi kwenye lango la jumba la biashara. Anatoa nambari ya kitambulisho, umri, majina ya waliomsimamia, sababu za kuacha kila kazi. Kwa miaka mingi alitakiwa pia atoe rundo la vyeti kabla hata hajaitwa: cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, cha KRA kuonyesha amelipa ushuru, cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, cha EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na cha kampuni za taarifa za mikopo. Baadhi ya hivyo vinalipiwa, na aliyehitimu juzi hana kitu. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, na sasa mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti hivyo isipokuwa ana nia ya kumwandikia mkataba. Ni marekebisho mazuri. Hata hivyo bado naletewa rasimu za matangazo zinazovitaka vyote viambatishwe kwenye ombi, na nazirudisha.

Kisha kuna hati ya mshahara. Hapa ningependa nikae kidogo, kwa kuwa ndipo mshauri wa ajira anapojua kazi yake ni nini hasa. Mwajiri haandiki mshahara kwenye tangazo. Anaandika kwamba malipo ni ya ushindani. Ila anamtaka mwombaji alete hati zake tatu za mwisho za mshahara, na akishaziona anaongeza asilimia kumi au kumi na tano juu ya kile mtu alikuwa akipata, hata kama bajeti ya nafasi ile ni mara mbili. Maana yake ni kwamba aliyeanza chini atabaki chini. Mwanamke aliyerudi kazini baada ya kulea, akakubali mshahara mdogo ili tu aingie tena ofisini, anaburuta mshahara huo kutoka kampuni moja hadi nyingine. Aliyepunguziwa malipo wakati wa korona na hakurudishiwa anaubeba upungufu huo hadi leo. Mwajiri anaona amefanya biashara nzuri. Mwaka mmoja baadaye mtu anagundua mwenzake wa meza ya pili analipwa zaidi kwa kazi ile ile, na anaondoka, na mwajiri ananipigia simu akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii.

Mazungumzo ya mshahara yamekuwa magumu zaidi tangu makato yabadilike. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 200,000 alikuwa anakatwa bima ya afya ya NHIF shilingi 1,700 tu, kiwango cha juu kabisa. Tangu Oktoba 2024 SHIF, bima iliyochukua nafasi yake, inachukua asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, na kwa mtu huyo ni shilingi 5,500. Ongeza ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani shilingi 3,000. Ongeza NSSF, akiba ya uzeeni, ambayo imekuwa ikipanda kwa awamu tangu mwaka 2023. Kwa hiyo mwajiri anaponiambia amempa mtu nyongeza ya asilimia kumi, na mtu ananiambia hajaona tofauti ya maana mkononi, wote wawili wanasema kweli. Kazi yangu ni kukaa na mtafuta kazi, tupige hesabu kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, ajue shilingi ngapi zitaingia kwenye akaunti tarehe ishirini na nane. Ni saa moja ya kazi. Haimo kwenye ankara, na ndiyo saa yenye manufaa kuliko zote ninazofanya.

Waajiri nao wana yao, na si madogo. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamepatikana na vyeti bandia katika utumishi wa umma. Kwenye kampuni binafsi nimeshuhudia cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kilichobadilishwa gredi kwa ustadi wa kutisha. Kuna pia watu wanaokubali kazi, wanatia sahihi, na siku ya kuripoti simu imezimwa, kwa sababu mwajiri wa zamani alipoona notisi alipandisha mshahara. Mteja amekwisha kupanga dawati na kompyuta, na lawama zinaniangukia mimi. Nawaambia watafuta kazi waziwazi: ukighairi, sema umeghairi. Lakini makosa haya hayalingani. Mwajiri aliyeachwa anatafuta mwingine akiwa na mshahara wake. Mtafuta kazi aliyeachwa bila jibu hana mahali pa kuegemea.

Kimya pia kinaficha uovu. Mara nyingi nimepeleka orodha ya majina matano, na simu ikaja jioni. Haiji barua pepe, ni simu. Sauti ni ya kirafiki. “Huyu wa kwanza ni mzuri sana. Lakini unajua vile timu yetu iko.” Najua anachomaanisha, kwa sababu jina la pili la mtu huyo linamtaja atokako. Wakati mwingine ni mimba iliyoanza kuonekana. Wakati mwingine ni miaka arobaini na saba kwenye CV, ingawa tangazo lilidai uzoefu wa miaka ishirini. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito na mengineyo, na kinamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi. Kinasema pia kwamba shauri likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha hakubagua. Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa hapo. Upungufu ni kwamba aliyebaguliwa hajui kwamba amebaguliwa, kwa kuwa hakuambiwa chochote. Wakala akinyamaza, amemfunikia mwajiri.

Wengine wanatumaini programu za kompyuta zitaondoa haya, kwa kuwa sasa kuna mifumo inayopanga CV kwa alama kabla ya binadamu kuzigusa. Sina imani nayo sana. Tangu watu waanze kuandikiwa CV na akili unde, zote zinafanana, na mfumo unachagua aliyejua kurudia maneno ya tangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Inampa pia haki ya kuona taarifa zake tunazozihifadhi, na kwa maoni yangu hizo ni pamoja na nilichoandika juu yake wakati wa mahojiano. Sijaona mtafuta kazi akiidai haki hiyo. Natamani waanze.

Tiba ninayoipendekeza inaanzia pale ugonjwa ulipoanzia, kwenye malipo. Mwajiri atoe sehemu ya ada mwanzoni, hata robo, ili wakala alipwe kwa kazi ya kutafuta na isiwe zawadi ya kushinda mbio peke yake. Nafasi moja apewe wakala mmoja. Mkataba uwe na kifungu kinachosema kwamba kila aliyehojiwa ataandikiwa ndani ya siku saba za kazi baada ya uamuzi, na sababu moja ya kweli itajwe. Na aliyetuma ombi tu bila kuitwa apate ujumbe mfupi nafasi inapofungwa. Sehemu ya mwisho ya ada isilipwe kabla majibu hayo hayajatumwa. Mamlaka ya Ajira, ambayo tayari ina uwezo wa kuwapa mawakala usajili na kuufuta, inaweza kuliweka hili kwenye masharti. Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya.

Pingamizi ninalolisikia kila mara kutoka kwa wanasheria wa kampuni ni kwamba sababu iliyoandikwa ni kesi iliyoandikwa. Nadhani wanakosea. Mwajiri aliyeandika “tulimchagua mwenye uzoefu wa ukaguzi wa benki, wewe huna” ana karatasi ya kuonyesha siku atakapotakiwa kuthibitisha hakubagua. Aliyekaa kimya hana kitu. Na kwa mtafuta kazi sentensi hiyo moja inamwonyesha la kufanya: ama atafute uzoefu huo, ama aache kuomba nafasi za aina hiyo na kuelekeza nguvu kwingine. Nimewaona watu wakibadilisha mwelekeo wa kazi zao kwa sababu ya maelezo ya dakika tano kwenye simu.

Katika ofisi yetu kifungu cha kumwandikia kila aliyehojiwa sasa kimo kwenye mikataba mipya. Wateja wengine walikikataa, wakaenda kwa mawakala wasiowauliza maswali, na tulizihisi pesa hizo zilipokosekana. Wengi zaidi walikubali, hasa meneja wa rasilimali watu alipoketi na mwanasheria wake wakasoma kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira pamoja. Kinachotushinda bado ni sababu zinazotolewa kwa simu jioni. Hizo tunamwomba mteja aziandike, na kama haziandiki, tunarudisha jina lile lile kwenye orodha, juu kabisa, pamoja na maelezo ya kwa nini anafaa.